Barabara ya shule yetu Malindi inagonga watoto: tuanzie wapi?

SWALI: Assalamu alaikum, mhandisi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Mbele ya geti letu inapita barabara ya lami ya mita kama 900 inayounganisha mtaa na soko. Tangu ilipotiwa lami upya, matatu, tuktuk na bodaboda hukimbia kana kwamba ziko njia ya Mombasa. Mwaka huu wamegongwa watu watatu, wa mwisho mtoto wa gredi ya pili akitoka madrasa. Alishonwa mguu, alhamdulillahi sasa anatembea. Tuliomba tuta, tukapewa moja, na bodaboda hulikwepa kwa kupita pembeni, pale pale wanaposimama wanafunzi. Wazazi wamegawanyika: wako wanaotaka daraja la juu la kuvukia, wako wanaotaka matuta kumi, na wako wanaosema dawa ni polisi. Lami ina upana wa mita 9, na pembeni kuna mchanga, vibanda na steji ya tuktuk. Tuanzie wapi?

JIBU: Wa alaikum salaam, Mwalimu. Pole wewe, na umfikishie mtoto na wazee wake pole zangu. Umefanya jambo moja ambalo wengi wanaoniandikia huwa hawalifanyi: umepima upana wa lami. Karibu jibu langu lote limo ndani ya hizo mita 9.

Barabara ya njia mbili yenye mita 9 humpa kila dereva mita 4.5 za kujimwaga. Barabara kuu za malori na mabasi ya usiku, njia moja kwa kawaida hupewa mita 3.5. Tuktuk ina upana wa mita 1.3 hivi, na matatu ya viti kumi na vinne haifiki mita 2. Yaani mbele ya shule yako dereva wa tuktuk amepewa uwanja ambao hata lori la saruji halipewi likiwa njiani kwenda Mombasa. Lami mpya, laini, iliyonyooka, pana kupita kiasi: barabara yenyewe ndiyo inayomwambia akanyage mafuta. Kibao cha mwendo hata kikisimama pale kinasema neno moja, na lami inasema jingine kwa sauti kubwa zaidi.

Ukitaka kuona kinyume chake, panda basi uende Lamu. Mji wa kale ule, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro vyake vingi ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kubanana ukutani. Hakuna tuta, hakuna taa, hakuna askari wa trafiki ndani ya mitaa ile. Mwenye mkokoteni hupiga kelele "simile!" na kila mtu akajua la kufanya. Kasi imeamuliwa na ukuta. Sisemi Malindi tujenge vichochoro, maana gari la wagonjwa lazima lipite. Nasema upana ni amri, na amri hiyo iko mikononi mwa anayechora barabara.

Kuhusu polisi nitasema kwa ufupi. Askari akiwapo madereva hupunguza, akiondoka kwenda kula wanarudia. Mnahitaji kitu kinachokaa pale saa 24 bila mshahara.

Kabla hamjaomba chochote, pimeni kasi. Hamhitaji kamera. Chora mistari miwili ya chaki barabarani, umbali wa mita 50 kwa utepe wa kupimia, mbali kidogo na lile tuta lenu. Kaeni mahali msipoonekana, kwenye baraza au nyuma ya kibanda, kwa sababu dereva akiona watu wameshika simu wanamtazama atapunguza. Anzisha saa ya simu gurudumu la mbele likigusa mstari wa kwanza, zima likigusa wa pili. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 40. Sekunde 3.6 ni 50, na sekunde 3 ni 60. Fanyeni hivyo kwa vyombo 100, asubuhi wakati wa kuingia shule na jioni wakati wa kutoka madrasa, mkiandika kila kimoja ni nini. Kisha zipangeni kutoka chombo cha haraka zaidi hadi cha polepole, mkatazame cha kumi na tano. Sisi wahandisi huitazama sana namba hiyo, kwa sababu wastani huwaficha wanaoua.

Mkipata kwamba wengi wako 50, kuna mzazi atasema, "Basi hawavunji sheria." Ni kweli, sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya miji. Mpigie hesabu hii. Dereva aliye macho, akiona mtoto amechomoka, huchukua kama sekunde moja na nusu mpaka mguu wake ukandamize breki. Akiwa 30, katika muda huo amekwenda mita 12 na nusu, halafu breki nzuri kwenye lami kavu zinamsimamisha ndani ya mita 5 zaidi. Amesimama kwenye mita 17 na nusu. Mwenzake aliye 50 ameshakwenda karibu mita 21 kabla hata breki hazijaanza kushika. Mtoto akiwa umbali wa mita 18, wa kwanza amesimama mbele yake na pengine anamgombeza, wa pili anampiga kwa kasi kamili. Na hapo nimempa tairi nzima, lami kavu na breki za kuaminika, mambo ambayo wewe na mimi tunajua tuktuk ngapi mjini zinayo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, na mawaziri waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020, walishauri kilomita 30 pale ambapo watu na magari huchanganyika kila siku. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa kila asilimia 1 ya kasi ya wastani inayoongezeka huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo lengo lenu liandikwe wazi: 30 mbele ya shule. Msiseme "kupunguza kasi", maana hilo halipimiki na kila mtu atajisifu amelifanya.

Sasa tuje kwenye mita 9. Wapeni magari mita 3 kila upande. Basi au lori lenye upana wa mita 2.5 linapita, likikutana na mwenzake wanapishana, ila kila mmoja anapunguza, na kupunguza ndiko tunakokutaka. Zimebaki mita 3. Upande wa shule chukueni mita 2, upande wa pili mita 1 iungane na ule mchanga, na kote kulazwe kabro. Mita 2 zinatosha kina mama wawili wenye vikapu kwenda sambamba na mtoto katikati, na kiti cha magurudumu kupita bila kuomba njia. Baiskeli na mikokoteni waachieni lami, kwani magari yakiwa 30 hao hawana shida kubwa.

Ukingo wa zege uinuke sentimita 15. Juu yake ziwekwe nguzo fupi za zege au vyuma vilivyopakwa nyeupe, zikiachana kama mita 1.2. Hapo kiti cha magurudumu kinapenya na tuktuk haipenyi. Bodaboda itapenya, nakubali, hakuna nguzo inayozuia pikipiki bila kumzuia mlemavu. Bodaboda huzuiwa kwa kutompa faida ya kupenya, na hiyo ni habari ya tuta, nitaifikia.

Angalia faida nyingine iliyojificha hapo. Mtoto wako sasa anavuka mita 9. Kwa mwendo wa mita 1 kila sekunde, yuko mdomoni mwa magari kwa sekunde 9. Barabara ikibaki na mita 6, yuko humo sekunde 6. Hamjajenga daraja, hamjaweka taa, na mmeshakata theluthi nzima ya hatari ya kusimama mbele ya magari.

Kivuko chenyewe ndipo kazi ilipo, na ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuharibu. Miaka mingi nyuma, katika mji mwingine wa pwani, nilichora kivuko kizuri mbele ya geti kubwa la shule. Mistari myeupe imenyooka, vibao viwili, na picha tukapiga. Baada ya wiki nikarudi nikakuta watoto hawakitumii hata mmoja. Walikuwa wakitokea kwenye mwanya wa ua, mita 40 kando, kwa sababu pale ng'ambo alikaa muuza mabuyu na achari. Ramani yangu ilikuwa na geti, haikuwa na mabuyu. Kwa hiyo wape wanafunzi wako karatasi, kila mmoja achore njia yake ya kurudi nyumbani na pale anapovukia. Utapata ramani bora kuliko yangu. Kivuko kiwe hapo wanapovuka tayari. Kama hapo pana kona au mti unaoziba macho, basi uhamishwe mwanya, na muuza mabuyu aombwe kwa heshima asogee nao.

Kivuko hicho kisiwe rangi tupu. Rangi ya pundamilia kwenye lami pana ni ahadi asiyoitimiza mtu, na mtoto huiamini kuliko anavyopaswa. Kiinuliwe kiwe sawa na njia ya miguu au chini yake kidogo, sentimita 10 hivi, juu kiwe bapa kwa mita 4, na miteremko miwili ya kupandia magari. Hapo gari ndilo linalopanda kwenye njia ya watu, na dereva hulihisi hilo kiunoni. Kitafanya kazi ya kivuko na ya tuta kwa pamoja, na mwenye magongo hatashuka wala kupanda kwa shida.

Jihadharini na maji. Nimeona vivuko vya namna hii vikibomolewa na wananchi wenyewe kwa sababu vilijengwa Februari, mvua za masika zikaja Aprili, na duka la jirani likaingia maji hadi kwenye magunia ya mchele. Kivuko kilichoinuliwa ni bwawa kama hukupitisha bomba chini yake au kuacha mwanya wenye kimia cha chuma kila upande. Mwulizeni mhandisi wa kaunti swali hilo mapema, kwa maandishi. Na mitaro ifunikwe kwa vifuniko vya zege vinavyoweza kuinuliwa. Mara nyingi watu hutembea juu ya lami kwa sababu pembeni kuna mtaro wazi, wala si kwa ukaidi.

Tuta mlilopewa nadhani nalijua bila kuliona: fupi, limechongoka, upana wake kama hatua moja, na limeishia nusu mita kabla ya ukingo wa lami. Tuta la namna hiyo huumiza mgongo wa mjamzito anayekimbizwa hospitali, halafu mwenye pikipiki hulizunguka. Tuta lililopimwa vizuri ni refu na la mviringo. Lile la kawaida lililofanyiwa utafiti na Watts huko Uingereza miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10. Ukilipita kwa 30 hulisikii sana, ukilipita kwa 50 unagonga paa. Lifike ukingo hadi ukingo, nguzo zianzie pale pale, na bodaboda akitaka kulizunguka ajikute amepanda zege kwa shida kuliko kulipita tuta lenyewe. Matuta kumi hamhitaji. Kinachohitajika ni yasiachane sana, mita 80 hadi 100 karibu na shule, maana tuta moja pekee humfanya dereva apunguze hapo halafu afidie mbele. Na tafadhali, msijimwagie kifusi wenyewe usiku. Najua hasira inavyokuwa baada ya mtoto kugongwa. Lakini tuta la kifusi lisilo rangi linamwangusha mwenye pikipiki saa tano usiku, na huyo naye ni mtoto wa mtu.

Kona za kuingia vichochoroni zikazwe. Kona pana huruhusu tuktuk igeuke bila kupunguza, kona iliyobanwa kwa ukingo wa zege huilazimisha ikaribie kusimama.

Steji na vibanda ni suala la watu zaidi ya uhandisi. Wakikuambia hatua ya kwanza ni kuwafukuza, kataa. Mama wa mahamri na mbaazi ni macho ya barabara. Kibanda chake kikiwa na taa usiku, kinaangaza kuliko nguzo nyingi za umeme. Kinachohitajika ni mita 10 kila upande wa kivuko zibaki wazi, pasiegeshwe chombo wala kutundikwa kanga, kwa sababu mtoto wa gredi ya pili ni mfupi kuliko tuktuk na dereva hamwoni mpaka ameshatoka. Steji isogezwe baada ya kivuko, isiwe kabla yake, ichorewe nafasi zake kwa rangi, sita au nane kadiri mtakavyohesabu. Kaeni na viongozi wa chama cha madereva kabla mchoro haujakwisha. Wao ndio watakaoilinda au kuivunja. Na wengi wao wana watoto shuleni kwako.

Umesema mtoto alikuwa anatoka madrasa. Hilo lilinishtua kidogo kwa sababu linaeleza mengi. Huku kwetu karibu na ikweta jua halina msimu: Malindi linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 hivi jioni, mwaka mzima, na giza halichelewi. Hapo hapo watoto wanatoka, watu wazima wanawahi Magharibi, soko linafunga, na madereva wanatafuta abiria wa mwisho huku wengine hawajawasha taa. Kwa hiyo taa ya barabarani mbele ya kivuko chenu si mapambo. Iwekwe upande gari linakotokea, mita chache kabla ya kivuko, ili mwanga umwangukie anayevuka upande wa mbele unaoonekana na dereva. Ikiwekwa ng'ambo ya kivuko, dereva ataona kivuli cheusi tu. Barabara ina pande mbili, kwa hiyo ni nguzo mbili. Na kama kuna mwarobaini juu yake, matawi yapunguzwe kila mwaka, la sivyo mtamulika majani.

Daraja la juu lisahauni. Litahitaji kuacha mita 5 na zaidi za kupitisha malori, yaani ngazi thelathini na kitu kupanda na nyingine kama hizo kushuka, ili kuvuka barabara ambayo mtu anaivuka kwa hatua kumi na mbili. Ajuza hatapanda, wa kiti cha magurudumu hataweza, na mtoto atapita chini. Tumeliona hilo hata Thika Road, yenye njia nyingi na magari ya kasi ya kutisha: watu wanaruka vizuizi chini ya daraja. Pesa za daraja moja zinatosha kutengeneza mita zenu 900 zote na barabara nyingine ya jirani.

Na mtu akiwaambia haya ni ya Ulaya, mwambieni ni ya Dar es Salaam. Shirika la Amend limekuwa likifanya kazi kama hii kwenye shule za huko na miji mingine ya Afrika: njia za miguu, matuta, nguzo, vivuko, wakati mwingine kuhamisha geti tu. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam ulikuta majeraha ya barabarani kwa watoto yamepungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda zawadi ya kimataifa ya miji iliyotolewa na taasisi ya WRI (World Resources Institute). Ni zege, rangi na utepe wa kupimia.

Nani wa kumwendea? Kwanza jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, na baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya mamlaka ya barabara za mijini, KURA. Ya mtaani kama yenu huenda ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, kwa hiyo ofisi isiwatume mkazunguke. Andikeni barua moja kwa bodi ya manispaa ya Malindi, nakala kwa mwakilishi wa wadi na kwa mkuu wa trafiki, mkiambatanisha zile namba 100 na michoro ya watoto. Tarehe ya kukumbuka ni 1 Septemba, siku ya mwisho kwa kaunti kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti. Kisichokuwamo humo, hata kiongozi akikuahidi kwenye mkutano, kwa kawaida hakina fungu la pesa.

Wakati mnasubiri, ombeni ruhusa ya wiki mbili za majaribio. Tairi kuukuu zilizopakwa nyeupe, mapipa yaliyojazwa mchanga na rangi kidogo vinatosha kubana lami hadi mita 6 mbele ya geti na kukaza kona mbili. Lori la maji likishindwa kupita, mnasogeza pipa, jambo ambalo hulifanyi kwa zege. Kisha rudini kwenye mistari yenu ya chaki, mahali pale pale na saa zile zile, mpime vyombo 100 vingine.

Mkipata namba za mwanzo, Mwalimu, nitumie hata kabla ya barua. Na uniambie kibanda cha mahamri kiko upande gani wa geti, kwa sababu nimekwisha kuanza kuchora na sitaki kurudia kosa la mabuyu.